Kwanza tujue bunduki ziko kwa nani

Kila yanapotokea mauaji ya risasi huko Marekani, mjadala huku kwetu huangukia palepale: nchi gani imepiga marufuku nini. Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama serikali inajua bunduki ziko mikononi mwa nani.

Tazama New Zealand. Tangu sheria ya mwaka 1983, leseni ilikuwa ya mtu; bunduki zake za kawaida hazikuandikwa popote. Ukiwa nayo, ungenunua moja au ishirini. Aliyewaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, Machi 2019, alikuwa na leseni halali. Bunge halikulaza damu: kabla mwezi haujatimia, kwa kura 119 dhidi ya 1, lilipiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki, yaani zinazojijaza risasi zenyewe kila unapofyatua. Serikali ikazinunua, zikapatikana zaidi ya 50,000. Ni nyingi au chache? Nani ajuaye, ikiwa hapakuwa na hesabu ya kuanzia? Daftari la bunduki lilikuja kufunguliwa Juni 2023. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, iliona mbali zaidi: marufuku, ununuzi na usajili vilikwenda pamoja.

Marekani ni kituko. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kuwa na daftari la wamiliki. Bunduki ikiokotwa palipouawa mtu, polisi hupeleka ombi kwenye kituo cha serikali kuu cha kufuatilia bunduki, kilichoko Martinsburg, West Virginia. Huko watumishi humuuliza mtengenezaji, kisha muuzaji wa jumla, kisha mwenye duka. Duka likiwa limeshafungwa, hupekua kumbukumbu zake ukurasa kwa ukurasa, kwani mfumo wa kutafuta kwa jina la mnunuzi hauruhusiwi. Taifa lenye setilaiti angani!

Wapinzani watanitajia Kanada, na wana hoja: daftari lake la bunduki ndefu (kama raifo na shotgani) lilimeza zaidi ya dola bilioni moja, likafutwa mwaka 2012. Lakini jimbo la Quebec lilianzisha la kwake. Mradi ukiendeshwa vibaya, mtimue msimamizi.

Sisi nasi wa Afrika Mashariki, kupitia Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo, tulikubali kila bunduki ipigwe alama yenye namba. Ningependa mbunge mmoja asimame amuulize waziri: namba hizo zimeandikwa wapi, na lini mara ya mwisho zilihakikiwa?