Kila swichi na imjue jirani yake

Mwaka juzi, siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa, shule moja ya bweni hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, iliniita saa tatu asubuhi. Mtandao umekufa shule nzima. Nilipofungua kabati la vifaa nilikuta taa za swichi zote, yaani visanduku vinavyounganisha nyaya za kompyuta, zinapepesa kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumua. Fundi yeyote wa mtandao akiona taa za namna ile moyo humdunda. Kuna kitanzi mahali, pakiti, yaani vifurushi vya data, zinazunguka na kuzaliana, na hakuna nafasi ya kitu kingine kupita. Ugonjwa niliujua. Chumba ulimo sikukijua.

Ndani ya kabati mlikuwa na nyaya ishirini na kitu, zote buluu. Tatu zilikuwa na kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa kwa kalamu, lakini joto na vumbi jekundu vilikuwa vimekula maandishi, ukabaki mmoja tu unaosomeka "OFI". Juu ya swichi ya chini kulikuwa na mjusi aliyekauka. Mzee aliyezifunga nyaya zile alikuwa amekwenda kutafuta kazi Juba, na simu yake ilikuwa haipatikani. Basi nikafanya afanyacho mtu asiye na ramani: chomoa mmoja, ngoja, tazama taa, rudisha, chomoa mwingine. Hata nilipoupata waya wenye ugonjwa sikujua unakwenda wapi. Niliufuata kwa macho ukutani, ukapanda, ukaingia darini, ukapotea.

Saa kumi jioni Mzee akapokea simu. "Kijana wangu, huo unakwenda maktaba. Na pale maktaba niliacha kaswichi kadogo chini ya meza, poti za ukutani hazikutosha." Kweli, kalikuwapo, ka poti tano, yaani matundu matano ya kuchomekea nyaya, kamefunikwa na magazeti. Mtu aliyefagia asubuhi aliona ncha ya waya inaning'inia, akaona asaidie, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Waya mmoja, ncha zake zote mbili ndani ya kaswichi kamoja. Niliichomoa, na kabla sijasimama nikasikia sauti za furaha kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Watahiniwa waliandikishwa usiku ule, wa mwisho karibu na saa sita.

Simlaumu Mzee. Nyaya zake zimekaza vizuri mpaka leo, na asingekumbuka ile meza ya maktaba ningelala pale. Tatizo langu ni kwamba shule yenye wanafunzi mamia ilikuwa inategemea kumbukumbu ya mtu mmoja aliye nchi nyingine. Tangu siku ile nina msimamo, na ninausema kila ninapoitwa: ramani ya mtandao isikae kichwani mwa fundi, hata akiwa fundi bora. Ichorwe na mtandao wenyewe, kila siku, na iwe mali ya shule.

Nasema "wenyewe" kwa sababu michoro ya mkono nimeiona mingi. Mingine mizuri sana, ina rangi, imewekwa kwenye fremu. Siku ya pili mhasibu ananunua printa, wiki ya tatu chumba cha walimu kinahamishwa, na mchoro unaanza kusema uongo ukiwa bado unang'aa ukutani. Ramani inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwa sababu unaiamini na kwenda kupasua ukuta usiohusika.

Hapa Uganda ukitaka kujua nani anakaa wapi, huanzii Kampala. Unamwendea mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Yeye hajui wilaya nzima, ila anajua kwamba nyumba ile ya bati jipya wamehamia wapangaji wawili Jumamosi. Barua yake ndiyo inayokubalika unapotaka kufungua akaunti ya benki, kwa sababu yuko karibu.

Vifaa vya mtandao vina utaratibu unaofanana na huo. Unaitwa LLDP, itifaki (kanuni za vifaa kuzungumza) iliyopitishwa na IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, mwaka 2005 kwa namba 802.1AB. Kwa kawaida, kila sekunde 30 swichi inatoa tangazo fupi kwenye kila poti: mimi ni fulani, na hii ni poti yangu namba fulani. Tangazo hilo halitakiwi kuvuka nyumba ya pili. Linamfikia aliye upande wa pili wa waya tu, naye anaandika daftarini mwake: kwenye poti yangu ya 4 nina jirani aitwaye maktaba, ameshika waya kwa poti yake ya 1. Jirani akinyamaza kwa sekunde 120, jina linafutwa. Watengenezaji wa vifaa Cisco walikuwa na itifaki yao ya zamani zaidi, CDP, na wenzao MikroTik wana ya kwao. LLDP ndiyo lugha ya pamoja, na ndiyo ninayoiwasha kwanza kila ninapofika.

Programu ya ufuatiliaji wa mtandao kazi yake ni kuzunguka kwa hao wenyeviti na kusoma madaftari yao. Inauliza kwa SNMP, itifaki iliyokuwapo tangu mwaka 1988. Mimi natumia LibreNMS, ambayo ni programu huria na haina malipo. Isipobadilishwa, inauliza hali ya vifaa kila dakika 5, na kila saa 6 inapita tena kutafuta majirani wapya. Unaipa swichi moja ya kuanzia. Inauliza majirani wake ni nani, inawaendea, inauliza majirani wa majirani, mpaka kijiji chote kimeandikwa. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya hivyo, kwenye kompyuta kuukuu niliyoipangusa vumbi mwenyewe, nilikaa nikitazama mistari ikitokea na sikutaka kwenda nyumbani.

Lakini niseme na udhaifu wake, maana kuna wanaouza programu hizi kana kwamba zina macho. Kaswichi kama kale ka maktaba hakana daftari. Ni kabubu. Hakatangazi jina, hakajibu SNMP, na kwenye ramani hakaonekani. Swichi nyingine za aina hiyo hupitisha tangazo la LLDP bila kulielewa, ndipo unaona swichi mbili zimechorwa kama majirani na hali katikati yao kuna kitu. Nyingine hulimeza, na jirani anatoweka.

Hapo ndipo jedwali la anwani za MAC, namba za utambulisho ambazo vifaa hupewa kiwandani, linapokuwa na thamani. Kila swichi yenye usimamizi, yaani isiyo bubu, inayoweza kuulizwa na kupangwa, inakumbuka ni anwani zipi zimepita poti ipi. Poti iliyofungwa kompyuta moja iwe na anwani moja. Ukikuta poti hiyo ina 8 au 12, na hakuna jirani aliyejitambulisha, basi nyuma yake kuna bubu. Nusu ya kwanza ya anwani, biti 24 kati ya 48, husema kiwanda kilichotengeneza, kwa hiyo unaweza hata kukisia: hii printa, hii kamera, hii kompyuta ya zamani. Simu za siku hizi nyingi hubuni anwani zao, hizo usizitegemee. Nimepata vitu vilivyofichwa vingi zaidi kwa njia hii kuliko kwa kupanda darini, ingawa darini sharti upande. Programu itakwambia waya unaunganisha nini na nini. Haitakwambia waya huo umepita juu ya jiko.

Na hapa kwetu njia ya waya ni suala la uhai wa vifaa. Tororo tunaishi na radi. Hesabu za miaka ya 1967 hadi 1976 zilitoa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine ni mlango ulioachwa wazi kwa radi. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na wala haina mpaka wa mita 100 kama shaba. Kwa hiyo kwenye ramani ya shule ile, niliyochorewa na programu, nilipaka rangi nyekundu kila kiungo cha shaba kinachokatisha uwanja. Vilikuwa 4. Nilimwonyesha mwalimu mkuu, na bila maneno mengi tukabadilisha viwili muhula uleule. Kabla ya hapo nilikuwa nimemweleza habari ya faiba mara tatu, haikuingia. Mistari myekundu aliielewa kwa dakika moja.

Mvua za Aprili zikaja. Usiku mmoja kiungo kimojawapo kati ya viwili vilivyobaki kilipigwa. Zamani ningepokea simu kumi na moja: bweni halina, zahanati haina, kamera ya geti haionekani. Safari hii programu ilijua nani yuko nyuma ya nani, kwa sababu nilikuwa nimeiambia kifaa kipi kinategemea kipi. Ikatuma tahadhari moja tu: swichi ya bweni la wavulana haijibu. Nikaenda na swichi moja mkononi, nikarudi kunywa chai.

Kuna wanaoniambia, fundi, sisi tuna vifaa 30 tu, tunavijua. Nawajibu kwamba ile shule ilikuwa na pungufu ya hapo siku ile ya kuandikisha. Gharama naikubali: swichi yenye usimamizi ni ghali kuliko bubu. Basi weka yenye usimamizi kwenye makutano, pale nyaya nyingi zinapokutana, na bubu ziwe pembezoni zinakojulikana. Kwenye makutano washa na Spanning Tree pia, ile njia aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 ya kuzima viungo vinavyofanya kitanzi. Pale shuleni haikuwa imewashwa popote.

Mwalimu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, hiyo mashine inaona ninachosoma?" Haioni. Inahesabu, inasoma majirani, haifungui barua ya mtu. Hata hivyo inaweza kuonyesha kifaa fulani kilikuwa kwenye poti ipi saa ngapi, na hiyo ni habari ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na naona ni haki walimu waambiwe kinachoandikwa na nani anakisoma. Nenosiri la SNMP nalo lisiachwe "public" kama lilivyotoka kiwandani. Tumia toleo la 3 linalosimba ujumbe, na LLDP izimwe kwenye poti za wageni, maana ramani inayokusaidia wewe itamsaidia na mwizi.

Shule ile sasa ina ramani. Nakala imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, ina tarehe, na mhasibu anachapisha mpya kila mwanzo wa muhula bila kuniita. Imebaki sehemu moja inayoninyima usingizi: poti ya 19, upande wa jikoni. Ilifungwa kwa ajili ya kamera moja. Tangu wiki iliyopita ina anwani 9. Metroni anasema huko hakuna kitu. Mzee nimempigia Juba, anasema hiyo si yake. Jumatatu naenda na ngazi.