Herufi e ya Kiindonesia Irudishiwe Alama Yake

Nilipoanza kujifunza Kiindonesia nilidhani tahajia yake imetungwa kwa ajili yetu Waswahili. Nyanyi, yaani kuimba, unalisoma lilivyo. Mtu akikuuliza "Apa kabar?" unaisikia habari humo humo. Karatasi ni kertas, kitabu ni kitab, kufikiri ni pikir: maneno yaleyale ya Kiarabu, ila sisi tuliyapa irabu mwishoni, wenzetu wakayaacha yafungwe na konsonanti.

Kisha nikakutana na apel. Likitamkwa kwa e kama yetu, ni gwaride la asubuhi. Likitamkwa kwa e nyingine, fupi na hafifu, ya katikati ya mdomo, wanayoiita pepet, ni tunda la tufaha. Maandishi hayabadiliki hata chembe. Irabu ni sita, herufi ni tano, na mzigo umeiangukia e.

Zamani haikuwa hivyo. Tahajia ya Mholanzi van Ophuijsen ya 1901 iliiandika e ya wazi, ile kama yetu, kwa alama: é. Ile ya 1947, iliyogeuza oe kuwa u, ikaifuta. Mageuzi ya 1972 yakatupatia Jakarta badala ya Djakarta, lakini é haikurudi katika maandishi ya kila siku.

Naona walikosea. Vijana wa Indonesia walioapa tarehe 28 Oktoba 1928 kuienzi lugha ya umoja waliichagua ile iliyotokana na Kimalei, si Kijava, ingawa Wajava ndio waliokuwa wengi kuliko kabila jingine lolote. Kwa mamilioni ya watu visiwani, basi, hii ni lugha ya pili. Wabatak wengi, watu wa Sumatra, hutamka kila e kwa uwazi. Wajava huongeza m mbele ya jina la mji wa Bandung, ikawa mBandung. Lafudhi hizo nazipenda zote. Lakini mtoto anayekutana na neno kitabuni, kabla hajalisikia kwa mtu, atajuaje e ipi?

Sisi kialama kimoja hutenganisha ng'ombe na ngoma, na huniuma kuona wengi wanakiacha wanapoandika kwenye simu. Wao pia wameshughulikia sauti hizo vizuri: bunga, yaani ua, ni bung'a kwa tahajia yetu, na bangga, kujivunia, ina ng kama ya ngoma. Waliweza hapo, kwenye e nako wanaweza, wakianza na vitabu vya shule.

Katika daftari langu la msamiati naiweka é kwa penseli, neno baada ya neno. Nimefika herufi k.