Bazoka na Mkaguzi

Mwanafunzi anayeijua kazi haingii darasani na bazoka mbichi. Bazoka mbichi ina harufu ya ndizi inayofika ubaoni kabla yako, ina sukari inayokujaza mate ushindwe hata kuitika jina, halafu ni kubwa. Shavu linatuna mpaka mwalimu anadhani jino limekuvimba. Unaitafuna mapumziko, chini ya mwembe, mpaka sukari yote ishuke tumboni na ile ndizi iende zake. Kinachobaki ni gundi yake tu, kidonge kisicho na ladha wala harufu, ambacho hakiyeyuki hata ukikitafuna mpaka mtihani wa taifa. Hicho ndicho cha kuingia nacho.

Ukishaingia, usikiweke chini ya ulimi, utaharibu matamshi. Kibandike juu, kati ya gego la mwisho na shavu, utulie. Na ukitaka kutafuna, kumbuka kwamba kinachomsaliti mtafunaji si mdomo, ni panja. Mwalimu mzoefu hahangaiki na midomo yako. Anatazama pale kando ya jicho panapocheza kila magego yakikutana. Basi magego yasikutane. Unaisukuma bazoka kwa ulimi hadi kwenye kaakaa, unaibana, unaiachia, unaibana tena. Utamu hakuna, nakubali. Lakini nani alikuwa anatafuta utamu? Tulikuwa tunatafuta kutafuna mbele ya mwalimu wa nidhamu.

Huyo mwalimu alikuwa na vita vyake na bazoka. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, huko Muheza, na ukipapasa chini ya dawati lolote ulikutana na bazoka za watu waliokwisha oa. Yeye alikuwa amesoma mahali kwamba Singapore walipiga marufuku uuzaji wa bazoka mwaka 1992, kwa sababu watu walikuwa wakizibandika hata kwenye milango ya treni. Habari hiyo ilimkaa rohoni. Paredi haikwisha bila Singapore. "Nchi nzima!" anasema, amenyoosha fimbo upande wa Korogwe, "nchi nzima haiuzwi, watu wazima na ndevu zao! Nyie ni nani?" Wengine ndipo tulipojua kwamba Singapore ni nchi. Mimi mpaka siku hiyo nilidhani ni aina ya cherehani.

Sasa wakaja wakaguzi. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora wa shule, jina la adabu kabisa; wakati wetu walikuwa wakaguzi tu, na wakitajwa, walimu wanaanza kuandika maandalio ya masomo ya tangu Januari. Tukafagia mpaka mahali pasipofagiliwa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, mashina ya miti nayo yakapakwa chokaa, na kuna mbuzi wa jirani aliyepita karibu naye akaondoka na chokaa. Ofisini vikatolewa viti viwili vya heshima vyenye vitambaa vya kufuma kwenye egemeo, kazi ya mikono ya katibu muhtasi, vyeupe, vimetariziwa kwa uzi wa bluu: KARIBU MGENI.

Mwalimu wa Kemia naye akatupanga. "Mkaguzi akiwa humu ndani, nikiuliza swali, nataka mikono yote juu. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitajua nani wa kumchagua." Mbinu hiyo imezunguka shule nyingi, na nadhani hata wakaguzi waliitumia enzi zao za kushika chaki.

Mimi nilikuwa nakaa dawati la nyuma kabisa, kwa sababu za kikazi. Somo lilikuwa maji, namna yanavyoyeyusha vitu, na siku hiyo lilifundishwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Siku za kawaida Kiingereza chetu kilikuwa kinaishia kwenye tarehe. Bazoka iko mahali pake, juu, kwenye gego. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mkaguzi, mzee wa miwani na tumbo la utumishi wa umma, na nyuma yake Mkuu wa shule, ndani ya kaunda suti mpya ya kijivu ambayo mikunjo yake bado ilionyesha ilivyokunjwa dukani.

Tukasimama, tukaamkia, tukakalishwa. Nikajua watakaa mbele, pembeni mwa ubao, kama wageni wa harusi. Loo! Vile viti viwili vikapitishwa juu kwa juu mpaka nyuma, vikatuliwa ubavuni pangu. Mkaguzi akaketi hapa, Mkuu akaketi pale. Panja yangu ya kulia na miwani ya mkaguzi, katikati hata daftari lisingepita.

Nifanye nini? Kuimeza, sithubutu. Bibi yangu alitufundisha tangu wadogo kwamba ukimeza bazoka utumbo unagandana, unapasuliwa hospitali ya Bombo, na ukipona unakula uji maisha yako yote. Leo najua kwamba tumbo haliisagi ile gundi lakini linaipitisha tu na mengineyo inatoka, hakuna kinachogandana. Leo! Wakati ule nilikuwa na Bibi. Kuibandika chini ya dawati nako haiwezekani, goti la mkaguzi liko pale pale. Nikakohoa kwa heshima, mkono mdomoni, bazoka ikahamia kiganjani. Kiganja cha kulia. Nikakunja ngumi, nikaiweka pajani, nikaendelea kunakili.

Mwalimu akageuka. "Nani atanitajia kitu kisichoyeyuka katika maji?"

Mikono juu, darasa zima. Ya kushoto. Yote. Msitu wa mikono ya kushoto, na mwalimu wa Kemia anaupekua kwa macho kutafuta hata mmoja wa kulia. Akafika kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa tegemeo lake kwenye somo hilo, na mimi nimenyoosha wa kushoto. Akakohoa. Nikabaki na wa kushoto. Akanitumbulia macho, na jasho lilishaanza kumtoka kwenye pua.

Nikamwonea huruma. Nikashusha wa kushoto, nikapandisha wa kulia, ngumi.

"Kijana," mkaguzi akaniinamia sikioni, "hiyo ngumi ya nini? Kuna mtu kakuudhi?"

"Ganzi, mwalimu."

"Pole. Haya, jibu."

Na jibu la swali, ndugu zangu, nilikuwa nimelishika. Kitu kisichoyeyuka katika maji kilikuwa kiganjani mwangu, kinanata. Lakini nikasema mafuta. Mkaguzi akauliza mafuta gani. Nikasema ya nazi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa nyumbani.

"Hicho ndicho tunachokitaka!" Mzee akasimama kabisa. "Mfano kutoka mazingira yake mwenyewe! Lete mkono, kijana."

Mkubwa akikupa mkono wa kulia humpi wa kushoto. Wa Tanga wote mnajua, hilo utasimuliwa mpaka kwenye arobaini yako. Na ngumi humpi mkubwa. Nikafungua vidole viwili, nikajaribu kumpa ncha ncha tu, lakini yule mzee alikuwa wa salamu za kubana. Akanishika, akanitikisa mpaka bega. Joto la kiganja na jasho la hofu vilikuwa vimeilainisha bazoka barabara, nikaisikia ikihama. Aliporudisha mkono wake, uzi mwembamba ukavutika kati yetu, ukakatika. Hakuuona. Alikuwa ameshamgeukia Mkuu wa shule.

"Una vijana hapa!" akasema, na akampiga Mkuu mgongoni. Kofi la pongezi, katikati kabisa ya mabega, kwenye kaunda suti mpya.

Mzee akajitazama kiganja, akajifuta kwa leso. Nadhani alidhani ni jasho langu. Mkuu, kwa furaha ya sifa, akaketi, akajiegemeza kitini, akatandaza mikono. Akakaa hivyo mpaka kengele, ameegemea KARIBU MGENI kwa uzito wake wote, na mimi nimekaa pale nikijua.

Kengele ikagonga. Mkaguzi akasimama. Mkuu akasimama. Kitambaa nacho kikasimama.

Kulikuwa na paredi ya kuwaaga wageni. Tukapanga mistari mbele ya mlingoti wa bendera, Mkuu akapanda kizingiti kutuhutubia. Ukimwona kwa mbele, hana neno: kaunda suti imenyooka, kalamu mbili mfukoni. Akazungumzia nidhamu. Kisha akageuka kumwonyesha mkaguzi maabara tunayojenga, na shule nzima ikasoma mgongoni mwake, kwa herufi za bluu zilizotariziwa na maua pembeni: KARIBU MGENI. Kicheko kikaanzia kidato cha kwanza, ambao bado walikuwa hawajui kubana kicheko. Mkuu akageuka haraka.

"Mnacheka nini?"

Kimya. Akamgeukia mkaguzi amwombe radhi. KARIBU MGENI. Safari hii wakacheka hadi wa kidato cha nne. Akatugeukia tena, amekunja uso; akamgeukia tena mkaguzi, ameinama kidogo kwa unyenyekevu, na alipoinama kitambaa kikajitandaza vizuri zaidi. Mwalimu wa zamu alikuwa ameuma midomo mpaka machozi yanamtoka. Hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu nani anaanza? Ilibidi katibu muhtasi apite nyuma na kukishika kitambaa chake. Akakivuta. Hakikutoka. Akavuta tena, na Mkuu akarudi hatua mbili kinyumenyume akiwa katikati ya sentensi kuhusu ada.

Wageni walipoondoka ndipo ikagundulika kwamba ni bazoka. Mwalimu wa nidhamu alilitamka neno hilo polepole, na nadhani alikuwa amelisubiri tangu achukue cheti chake cha ualimu.

"Singapore," akasema. Hakuongeza kitu. Akaanza kupita mstari kwa mstari.

"Fungua mdomo. Toa pumzi. Ulimi nje."

Operesheni ile ilivuna. Walikamatwa wenye ubuyu, ndimi nyekundu mpaka kooni. Akakamatwa mmoja na karanga za kukaanga shavuni, mmoja na pipi ya kijiti iliyobaki kijiti. Wakakamatwa wenye bazoka mbichi, wananuka ndizi, wanafunzi wasio na ufundi. Hao ndio waliopewa visiki vya kuchimba. Alipofika kwangu nikafungua mdomo nikampulizia pumzi safi ya mtu aliyekunywa chai bila kitu. Akaninusa mara ya pili. Akapita.

Ofisini mambo yalikuwa yanaharibika. Walikuwa wameivua ile koti ya kaunda suti na kuifuta kwa maji ya moto na sabuni, na gundi, badala ya kutoka, ikasambaa. Mkuu amekaa na singilendi, amekunja mikono. Nilipita dirishani nikarudisha chaki, nikaona, nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, mwalimu. Maji hayaiwezi. Ipakeni mafuta ya nazi."

Wote wakageuka. Mwalimu wa nidhamu akashuka kutoka kwenye meza aliyokuwa amekalia. "Wewe umejuaje?"

"Mama anauza mafenesi sokoni, mwalimu. Ulimbo wa fenesi ukikunata, mafuta tu."

Na ni kweli tupu. Kila aliyewahi kupasua fenesi anajua kwamba mikono hupakwa mafuta kwanza, na ukiugusa ulimbo bila mafuta utashinda unasugua kwa sabuni mpaka ngozi itoke na ulimbo ubaki. Nikatumwa kwa mpishi wa walimu, nikaleta mafuta kwenye kikombe, nikapewa koti niisugue mwenyewe kwa kuwa ndimi mtaalamu. Nikaisugua taratibu kwa vidole, gundi ikaanza kuvimbiana na kujikunja, ikabanduka vipande vipande, kitambaa cha katibu muhtasi kikaachia. Mkuu akanishukuru mbele ya walimu wote. Doa la mafuta lililobaki mgongoni lilikuwa kubwa kuliko bazoka yenyewe, lakini hilo lilikuwa limeandikwa kwa kijivu juu ya kijivu, halisomeki.

Ripoti ya ukaguzi ilipokuja, somo la Kemia lilisifiwa kwa "matumizi ya mifano ya mazingira". Mwalimu wa Kemia akaniita stafu. Alikuwa peke yake, amezungukwa na madaftari.

"Ile ganzi ya siku ile. Imepona?"

"Imepona, mwalimu."

"Fungua mkono."

Nikafungua. Akauvuta karibu, akaukagua, akaunusa. Hakukuwa na chochote, mafuta yalishamaliza kazi siku nyingi. Akanitazama machoni kwa muda ambao nilianza kukiona kisiki changu.

"Kesho ukinunua," akasema, "nunua mbili. Na usiniletee mbichi."

Nikamletea, nimeiacha kwenye karatasi yake, kwa sababu kumtafunia mwalimu ni jambo jingine. Akaenda nayo chini ya mwembe mapumziko, peke yake. Na mchana wake, kwenye paredi, alisimama bega kwa bega na mwalimu wa nidhamu wakati Singapore inahutubiwa tena, anaitikia kwa kichwa, anatafuna, na panja zake hazikucheza hata kidogo.