Mjomba Alipotoweka Kwenye Spika

Mjomba wangu ana sauti. Akikohoa sebuleni, aliye jikoni anamwambia pole. Kwa hiyo aliponijia na wimbo aliomtungia mkewe, akitaka nimrekodie chumbani kwangu, nilihofia kitu kimoja tu, asije akaipasua maiki. Nikashusha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mpaka anapopandisha kwa nguvu zote mita inaishia kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, pale sauti inapoanza kupasuka, nikatundika blanketi nyuma yake, nikafunga mlango.

Waya wa kutoka kwenye miksa kwenda kwenye kompyuta aliuleta binamu yangu, mtoto wa mjomba mwenyewe, fundi wa kila kitu. Upande mmoja jeki nene, upande wa pili kijeki chembamba cha stirio kama cha hedifoni.

"Huu ndio wenyewe, kaka."

Ukachomekwa, sauti ikaja. Nani angeuliza zaidi?

Na kwenye hedifoni mjomba alikuwa wa ajabu. Hakukaa katikati kama waimbaji wengine. Alienea pande zote, na kuna mahali ungeapa anakuimbia kisogoni. "Sauti pana hiyo!" binamu akashangilia. Mjomba akazivaa, akafumba macho, akajisikiliza mpaka mwisho huku akikubaliana na kila neno lake.

Siku ya kumkabidhi mkewe, ndugu wamejaa sebuleni, tukauchezesha wimbo kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye spika moja ndogo ya Bluetooth. Gitaa likaingia, kinanda kikafuata. Beti ya kwanza ikafika, ikapita. Kiitikio kikaja, kikaenda zake. Mke wa mjomba akasikiliza kwa adabu zote, kisha akamgeukia mumewe.

"Biti nzuri. Sasa unaanza kuimba lini?"

Pale alipotakiwa kuwepo mjomba palikuwa na mwangwi tu, ule niliomwekea kwenye miksi, umebaki mwembamba kama wa mtu aliyetumbukia kisimani na kukata tamaa ya kuokolewa. Mjomba akaitazama spika, akanitazama mimi. "Mpwa wangu, nimekukosea nini?"

Hapo kila mtu akawa injinia. Mmoja akasema spika imechoka, mwingine akasema betri. Binamu akanisukuma pembeni, akafungua mradi, akaipandisha treki ya mjomba, ule mstari wenye sauti yake peke yake, hadi mwisho wa reli ya kuongezea sauti. Kimya. Akaongeza kompresa, ile ya kusawazisha nguvu za sauti. Kimya. Sifuri ukiizidisha kwa kumi au kwa elfu ni ile ile, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyeshika mausi kwa hasira. Nikahamishia sauti kwenye hedifoni kuona kama faili limeharibika. Lahaula! Mjomba alinivamia masikio yote mawili. Nikairudisha kwenye spika, hayupo. Hedifoni, yupo. Mtoto mmoja mdogo akaanza kulia.

Ndipo nikakifungua kile kipimo cha stirio, kinachoonyesha kama kushoto na kulia kunakubaliana au kunapingana, ambacho programu nyingi za kurekodia zinacho na karibu hakuna anayekitazama. Sindano yake hutembea kati ya +1 na −1. Sauti ya kawaida ya mwimbaji hukaa upande wa +1. Ya mjomba ilikuwa imeganda kwenye −1, haitikisiki.

Kumbe ni ule waya. Tundu lile la miksa hutoa sauti ileile mara mbili, nakala moja ilivyo, ya pili imepinduliwa juu chini, ili kifaa kinachopokea kiitoe moja kwenye nyingine na kelele zilizodandia njiani zife. Tundu dogo la kompyuta halina habari hizo. Limeona nyaya mbili, likaita moja kushoto na nyingine kulia. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata nakala yake na unadanganyika kwamba sauti ni pana. Spika moja ikijumlisha pande mbili, wimbi linalopanda linakutana na linaloshuka, wanafutana. Gitaa na kinanda, ambazo hazikupita kwenye waya ule, zilisalimika. Mwangwi nao uliponea chupuchupu kwa kuwa haulingani kushoto na kulia.

Programu nyingi zina kitufe cha mono kwenye chaneli kuu, kinachojumlisha kushoto na kulia kuwa sauti moja kama ilivyofanya ile spika. Kikibonyezwa hata mara moja tu wakati wa kuchanganya, aibu hii inakufia chumbani.

Dawa yenyewe ni fupi. Niliitenganisha treki ya stirio kuwa mbili za mono, kwa sababu ukipindua pande zote mbili kwa pamoja hujafanya kitu. Ya kulia nikaibonyeza kile kitufe cha kupindua wimbi, chenye duara lililokatwa kwa mstari, Ø, kisha zote mbili nikazileta katikati. Nikachezesha. Spika za Bluetooth huchelewa kidogo, kwa hiyo kwa kitambo kifupi hapakuwa na kitu, na binamu akapata nafasi ya kusema, "Si nilikwambia ni spika?"

Reli ilikuwa bado juu kabisa, pale pale alipoiacha. Kompresa nayo ilikuwa bado imewashwa.

Mjomba akatoka. Spika ikaruka mezani, yule mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza kwa mshtuko, na mjomba mwenyewe akajibanza nyuma ya kochi akijikimbia. Nikakimbilia kushusha reli, nikamkata ile ngurumo ya chini ya hezi 80, nikapunguza mwangwi ambao sasa hakuuhitaji, tukaanza upya.

Wimbo ukasikika mpaka mwisho, maneno yote ya mapenzi yakiwa mahali pake. Gitaa likafifia. Na baada ya gitaa, kwa kuwa mkia wa rekodi haukuwa umekatwa, ikatoka sauti ya mjomba, safi, katikati kabisa: "Haya zima, mgongo unaniuma."

Nikanyoosha mkono kwenye mausi nikate kipande hicho. Mkewe akaudaka.

"Acha hapo hapo," akasema. "Kule kwingine kote nilikuwa najiuliza ni nani huyu."