Kola ya umeme haimfundishi mbwa kuchunga

Makala moja niliyosoma inasema wafugaji wa England waachiwe kola za umeme, zile za shingoni zinazompiga mbwa shoti kwa rimoti, kwa sababu mbwa wa kondoo akiwa mbali hafundishiki kwa njia nyingine. Sikubaliani hata kidogo. Wales walizipiga marufuku tangu 2010, na kondoo bado wanashushwa mlimani na mbwa walewale wa kuchunga, Border Collie, kwa mluzi na sauti ya mchungaji.

Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye shamba la kondoo huko Wales. Collie huzaliwa na hamu ya kulizunguka kundi; kazi yako ni kumtuliza na kumwelekeza. Ukimwamuru "come-bye" azunguke kufuata mshale wa saa, "away" azunguke kinyume, mluzi mmoja mrefu alale chini. Anausikia hata akiwa ng'ambo ya bonde. Sasa mpige shoti wakati macho yake yako kwa kondoo: atajuaje kosa ni mbio zake? Atadhani kondoo ndiye aliyemuuma. Tuliletewa mmoja aliyekuwa amevishwa kola kwingine. Kila akilikaribia kundi alijikunyata, mkia katikati ya miguu. Msimu mzima ukapita kabla hajakubali kuingia malishoni, maskini, na mbwa wa kazi hakuwa tena.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln uliochapishwa 2020, kwa mbwa 63, haukuona kola ikiyashinda mafunzo ya zawadi. Marufuku ya England ilipangwa kuanza Februari 2024, ikakwama bungeni. Wabunge, tafadhali irudisheni.