Nyumbu, ng'ombe na deni la sotoka

Mwezi wa Februari nyanda za Ndutu, pale Serengeti inapopakana na Ngorongoro, huwa kijani kibichi. Nyasi zake ni fupi, zimeota juu ya majivu ya volkano, zimejaa madini, na ng'ombe akizila kwa wiki mbili tu utaona manyoya yanang'aa. Mwezi huohuo mfugaji wa Endulen, kijiji cha Ngorongoro, huswaga ng'ombe wake kuelekea upande wa pili, juu milimani, kwenye baridi na nyasi ngumu. Anazikimbia nyasi bora kuliko zote anazoziona mwaka mzima, kwa sababu ya kamasi za ndama wa nyumbu.

Nyumbu huzaa kwa mkupuo. Ndani ya wiki chache ndama kwa malaki huwa wameshadondoka kwenye nyanda hizo, na karibu kila mmoja hupata kirusi katika wiki zake za mwanzo. Ndama mwenyewe haugui. Kwa miezi miwili mitatu hivi anakimwaga kirusi kwa machozi na kamasi, kisha basi. Ng'ombe akila nyasi karibu naye wakati huo, anaambukizwa. Kitakachofuata nimekiona kwa karibu mara moja, na sijakisahau. Ng'ombe jike mwekundu alikuwa amesimama peke yake nyuma ya boma, kichwa chini, akilikwepa jua. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe, ulioanzia pembeni ukaenda katikati. Pua ilikuwa imeganda gamba gumu, na kila akivuta pumzi ulisikia mkwaruzo. Mwenye ng'ombe, mama mtu mzima, alikuwa anampangusa pua kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu. "Mwanangu, weka sindano yako chini," aliniambia. "Huyu ameshakwenda."

Alikuwa anasema kweli. Ng'ombe akishaonyesha dalili hizo, ni nadra mno kupona, na dawa hakuna. Wamaasai wanauita ugonjwa huu kwa jina la nyumbu mwenyewe, na walijua unatoka kwake kabla ya maabara kujua. Ni mwaka 1960 ndipo daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, walipokitenga kirusi chenyewe kutoka kwa nyumbu.

Nimeanza na nyumbu kwa sababu kila mjadala wa magonjwa kati ya mifugo na wanyamapori ukianza, watu hugawanyika kambi mbili, na kila kambi huja na ushahidi wake mkononi. Ya kwanza inasema wanyamapori ndio ghala la magonjwa, kwa hiyo tuwatenganishe na mifugo kwa uzio. Ya pili inasema mifugo ndiyo inayoingiza maradhi hifadhini, kwa hiyo mifugo iondoke pamoja na wenyewe. Mimi naona kambi zote mbili zinaliruka swali la kwanza ambalo mganga yeyote angeuliza: ni ugonjwa gani, na umetoka wapi kwenda wapi?

Tuipe kambi ya uzio haki yake. Ugonjwa wa nyumbu unakwenda njia moja tu, kutoka kwa nyumbu kwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, wala hawezi kuurudisha kwa nyumbu. Mzigo wote uko upande wa mfugaji. Nyati naye hubeba vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, bila kuugua. Kupe akimnyonya nyati kisha akapanda kwa ng'ombe, ng'ombe hufa haraka, na chanjo ya ndigana ambayo imewafaa sana wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania haimkingi vizuri dhidi ya vimelea vilivyotoka kwa nyati. Botswana wao walizungusha uzio tangu miaka ya 1950, ili kuwatenga nyati wenye ugonjwa wa miguu na midomo, na wakapata soko la nyama Ulaya. Kwa nchi inayotegemea ng'ombe, hilo si jambo dogo.

Lakini uzio huohuo ulisimama katikati ya njia za nyumbu wa Kalahari. Ukame wa miaka ya 1980 ulipokuja, wanyama walitembea kutafuta maji wakakutana na waya, wakafa kwa maelfu kandokando yake. Ukiweka waya wa namna hiyo kati ya Serengeti, Loliondo na Maasai Mara, hapo hakutakuwa na msafara wa nyumbu wa kuhifadhi. Tena kwa huku kwetu hata huo ugonjwa wa miguu na midomo haumshtaki nyati kama tulivyozoea kuamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa milipuko mingi husafiri na ng'ombe wenyewe, na chanzo kikuu hakikuwa nyati. Sishangai. Ng'ombe wa minadani huchangamana na ng'ombe wa wilaya tatu kwa siku moja, na jioni kila mmoja anapelekwa kwenye boma lake na alichookota. Uzio wa kumzuia nyati hauugusi mnada.

Kambi ya pili nayo haisemi uongo. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kifua kikuu cha ng'ombe kiligunduliwa kwa nyati mwaka 1990. Kiliingia kutoka kwa ng'ombe wa mpakani, kikatoka kwa nyati kikafika kwa simba wanaowala, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kukitoa. Mongolia, mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ulio jamaa wa sotoka ya ng'ombe, ilivuka kutoka kwenye mifugo ikaua maelfu ya swala aina ya saiga, wanyama ambao tayari walikuwa wachache. Na hapa kwetu mwaka 1994 kirusi cha distemper kutoka kwa mbwa wa kufugwa kiliondoka na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mhifadhi anayekosa usingizi akiona mifugo inaongezeka pembeni mwa hifadhi ana sababu.

Ninapoachana naye ni pale anapotoka kwenye hofu hiyo na kudai kwamba dawa ni kumwondoa mfugaji. Historia ya nyanda hizihizi inasema kinyume chake, na ni historia ambayo huwa tunaipita haraka mno.

Sotoka ya ng'ombe, ugonjwa wa kirusi unaoua ng'ombe na jamaa zao wa porini, ilifika Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikiwa imeingia Pembe ya Afrika na ng'ombe walioletwa kwa meli miaka michache kabla. Iliteketeza ng'ombe karibu wote, na nyati na nyumbu pamoja nao. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akawakuta Wamaasai wakifa kwa njaa. Baada ya hapo sotoka ilibaki nchini miaka sabini, na kila mwaka ilifyeka ndama wa nyumbu pale kinga ya maziwa ya mama ilipowaisha. Watu wengi waliamini wanyamapori ndio wanaoitunza.

Kisha ikaja chanjo. Plowright huyohuyo aliitengeneza pale Muguga, na ikaanza kutumika miaka ya 1960. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe: wafugaji waliwaswaga hadi vituo vya chanjo, wakawashika pembe mmoja mmoja. Sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, maana chemchemi yake ilikuwa kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka hiyo nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Msafara ambao leo watalii wanauvukia bahari kuja kuuona ulitokana, kwa sehemu kubwa, na sindano kwenye shingo za ng'ombe. Sotoka ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imekwisha.

Sasa tazama mfugaji amepata nini. Nyumbu walipoongezeka mara tano, eneo wanalozalia nalo lilitanuka, na nyanda ambazo mfugaji anapaswa kuzikimbia kuanzia Januari zikatanuka pia. Aliyechanja ng'ombe wake akawaokoa nyumbu ndiye aliyesukumwa milimani na nyumbu hao. Mbinu yake ya kujikinga ni moja tu, kuhama, na kuhama kunataka pa kwenda. Kila kipande cha malisho kinachofungwa, kwa sababu yoyote ile, kinapunguza mahali pa kukimbilia Februari. Ndiyo maana naona uchungu nikisikia magonjwa yakitajwa kama hoja ya kuwahamisha watu wa Ngorongoro. Kama hoja ni idadi ya watu, kutoka takriban 8,000 mwaka 1959 hadi zaidi ya 100,000 miaka ya karibuni, basi tujadili idadi ya watu, kwa uwazi, pamoja nao. Magonjwa yana njia zake za kuzuiwa, na sotoka imetuonyesha mojawapo.

Kuna pingamizi moja ambalo limenisumbua kuliko mengine. Chanjo ya ugonjwa wa nyumbu imeshajaribiwa Tanzania, na jaribio la shambani lilipunguza maambukizi kwa zaidi kidogo ya nusu. Tuseme kesho ipatikane iliyo kamili. Je, ng'ombe hawatateremka kwa maelfu Ndutu mwezi wa Februari, na nyumbu wenye ndama wakakosa nyasi? Ni kweli kwamba ugonjwa huu umekuwa mlinzi wa mazalia ya nyumbu kwa muda mrefu, na mlinzi huyo akiondoka pengo litaonekana. Nimezungumza na wahifadhi wanaoliogopa hili kwa dhati, na siwezi kuwaambia wanajisumbua bure.

Lakini siwezi kukubali kwamba ng'ombe wa yule mama aachwe apofuke na kufa ili malisho yabaki na nafasi. Nyasi zinaweza kukubaliwa kwa mazungumzo: nani aingie wapi, mwezi gani, na ng'ombe wangapi. Wamaasai wana desturi ya kufunga na kufungua malisho tangu zamani, na wanaiheshimu ikiwa wameshiriki kuipanga. Anayelisha kwa mapatano anaweza kuulizwa. Kirusi hakiulizwi, na kinaua ng'ombe wa maskini kwanza, yule asiye na vijana wa kutosha wa kuswaga mifugo mbali, wala ndugu wa kumpokea mlimani.

Simba akiua ng'ombe, serikali ina utaratibu wa kifuta jasho. Kiwango ni kidogo na kinachelewa, lakini kipo. Nyumbu akiua ng'ombe kwa kamasi, hakuna fomu ya kujaza, na miezi mitatu ya maziwa yanayopungua milimani haihesabiwi popote. Pa kuanzia ni hapo. Hasara ya ugonjwa wa nyumbu iingizwe kwenye kifuta jasho, na sehemu ya kiingilio cha getini, pesa inayolipwa na mtu aliyekuja kuwaona nyumbu, inunue chanjo za mifugo kwa kata zinazopakana na mazalia, zile za wilaya za Ngorongoro na Simanjiro zikiwa za mwanzo: ya miguu na midomo, ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wa bomani, na ya nyumbu itakapokuwa tayari. Na chanjo hiyo ya nyumbu ikija, ifike kabla ya Desemba, maana mwili wa ng'ombe unahitaji wiki kadhaa kujijengea kinga, na ndama wa kwanza hudondoka mvua za vuli zikiwa hazijakauka vizuri ardhini.