Miche ya "waja leo, waondoka leo"

Msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, siku hizi naona umehama kutoka kwa wageni ukaingia kwenye miche.

Nasema kwa uchungu. Nilinunua mpeasi Lushoto, nikaupakata ndani ya basi kama mtoto mchanga, nikaupanda uani kwangu Sahare, hapa Tanga mjini. Wiki ya sita ulikuwa kijiti. Nikalaumu mchwa, nikalaumu maji, kumbe wa kulaumiwa ni mimi. Lushoto iko juu mlimani na usiku watu hujifunika blanketi; mpeasi unaihitaji baridi hiyo ili uchanue. Huku kwetu usiku tunalala na feni.

Kwa hiyo msimamo wangu: ua ukiwa mdogo, usichague mti kwa uzuri wake kitaluni. Tazama kwanza miti inayovumilia mtaani kwako. Upande wa baharini kusi ikivuma, chumvi hutua kwenye majani, na visima vingine maji yake yana chumvichumvi. Mkomamanga huvumilia hayo, na haukui ukakufukuza nyumbani. Asumini haihitaji zaidi ya kona moja karibu na dirisha. Mrehani na mchaichai hata kwenye ndoo iliyotobolewa vitakaa. Lakini mkungu kwenye ua wa hatua sita? Kivuli chake kitamu, ila matawi yatatambaa hadi kwa jirani na mizizi itausukuma ukuta. Mwarobaini nao uacheni uwanjani.

Mmea uliopenda mahali haubembelezwi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika pwani yetu vikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yalitoka mashamba yaliyoujengea mkoa huu jina. Sisemi mpande mkonge uani, miiba yake haina adabu.

Kingine, nunua mche mdogo. Watu wanataka mti uliokwisha kuzaa ili wageni wauone Jumapili. Mche mkubwa uliokaa muda mrefu kwenye kiriba mizizi yake imejizungusha chini kama kamba, na ukipandwa hivyo huendelea kuzunguka palepale. Nimeshuhudia pia mtu akifukia mche na kiriba chake, nailoni na vyote! Chana kiriba, ikate mizizi iliyojizungusha, chimba shimo pana kuliko kina, udongo wa juu uuchanganye na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza. Panda jioni, masika yanapoanza kati ya Machi na Aprili, mvua ikusaidie kazi.

Halafu maji. Kurashiarashia kila jioni kwa mpira kunamfurahisha mwenye mpira tu. Udongo wetu wa mchanga ukilowa juu, mizizi nayo hubaki juujuu kuyangojea. Afadhali ndoo nzima polepole mara mbili kwa wiki, na shinani utandaze makumbi ya nazi. Makumbi yamejaa mji mzima, bure, na bado tunayachoma.

Pale alipofia mpeasi sasa pana mkomamanga, umefika kiunoni na una maua matatu. Yalikuwa manne juzi, kabla mbuzi wa jirani hajaligundua tundu la michongoma.